Sura ya Saba: Banda Kavu

Sheria ndogo za Jiji la Dar es Salaam za mwaka 1990 zilimruhusu mkazi wa mjini kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, mradi wakae bandani na waletewe majani humo humo. Waliozisoma walipiga hesabu ya maziwa. Hesabu ya upande wa pili wa ng'ombe hakuna aliyewapigia, nayo ni hii: ng'ombe chotara mwenye uzito wa kilo 400 hutoa kinyesi kilo 25 hadi 30 kwa siku, na mkojo lita 10 hadi 15. Wakitimia wanne, hizo ni zaidi ya kilo 100 za kinyesi na ndoo kubwa mbili na ushee za mkojo, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo.

Mwenye ng'ombe wa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, mara nyingi si mkulima. Ni mwalimu, karani, nesi, ofisa wa benki, mtu wa bandarini. Miaka ya 1980 mshahara wa serikali ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, na watu wenye vyeti vikubwa, wakiwemo wahadhiri wa Chuo Kikuu pale Mlimani, walijenga mabanda ya kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba zao. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967, ng'ombe walikuwa wamekwishafika mjini zamani. Kadiri mitaa ya ndani ilivyojaa nyumba na kuta, banda lilisogea nje: Kimara, Mbezi, Goba. Goba ya wakati huo ilikuwa mikorosho, mihogo na njia za vumbi. Leo kuna lami ya kwenda Makongo, nyingine ya kushukia Tangi Bovu, nyingine ya Madale, na majumba yenye mageti ya umeme yamesogea hadi ubavuni mwa banda.

Mwajiriwa huyu anaondoka saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni kabla haijamuwahi yeye. Anarudi saa mbili usiku, amechoka. Swali lake ni moja na ni la haki: banda lizolewe mara ngapi? Atasikia majibu mawili. Wafugaji wa siku nyingi watamwambia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, basi. Jirani mwenye haraka zake atamwambia, "Mimi nazoa Jumamosi kwa Jumamosi, na maziwa nakunywa." La kwanza ni zuri kwa sehemu, la pili ni baya kabisa, lakini wote wawili wanahesabu kinyesi. Cha kuhesabiwa ni unyevu.

Mkojo wa ng'ombe ukitoka tu hauna ile harufu inayochoma macho. Una urea, na urea peke yake ni mpole. Kinyesi kina bakteria wenye kimeng'enya kinachoivunja urea kuwa amonia. Mkojo ukitiririka kwenda zake na kinyesi kikabaki pake, hakuna makubwa. Vikikanyagwa pamoja vikawa uji, ndani ya saa chache amonia inapanda. Ndiyo maana banda lenye sakafu iliyobomoka, hata likizolewa mara tatu kwa siku, linaweza kunuka kuliko banda lenye sakafu nzuri linalozolewa mara mbili. Chepe haliwezi kuzoa kilichokwisha kunywewa na udongo.

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Ingia bandani usiku ukirudi kazini, uchuchumae hadi pua yako ifike pale inapokuwa pua ya ng'ombe aliyelala, ukae hapo dakika moja. Watu husimama mlangoni na kusema hakunuki, kumbe wanavuta hewa ya darini. Ng'ombe hulala saa 10 hadi 14 kati ya 24, na muda wote huo anavuta hewa iliyo karibu na sakafu. Macho yako yakianza kuuma ukiwa umechuchumaa, mapafu ya ndama yamekwishapata habari hiyo mapema.

Upande mwingine wa unyevu ni kiwele. Baada ya kukamuliwa, tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa hadi saa nzima kabla halijajifunga sawasawa. Ng'ombe akilala kwenye uchafu katika muda huo, amewafungulia mlango bakteria wa kinyesi, na ugonjwa wa kiwele ndio unaowafilisi wafugaji wadogo kimyakimya: maziwa yanapungua, yanaganda, yanamwagwa, dawa inanunuliwa, na maziwa ya siku za dawa nayo hayauziki. Kwato ni hadithi nyingine, fupi zaidi. Ukwato unaoloa mchana kutwa hulainika, hupasuka, huoza, na ng'ombe anayechechemea hali vizuri.

Kwa hiyo ratiba ya kuzoa haipangwi kwa saa ya ofisini. Inapangwa kwa saa ya kukamua, ambayo haina mjadala. Alfajiri, kabla ya kukamua, kinyesi cha usiku kinaondolewa, na kinaondolewa mapema kidogo ili vumbi na harufu vitulie. Maziwa hudaka harufu upesi mno, na anayefagia huku mwenzake anakamua anatia takataka ndooni. Ukishakamua, weka majani. Matete mabichi yaliyokatwakatwa vizuri, na pumba juu yake, humfanya ng'ombe asimame kula kwa muda ule ule chuchu inaohitaji kujifunga. Nakuomba usiigeuze kanuni hii. Wengi hulisha kwanza ili ng'ombe atulie, kisha wanakamua, kisha wanaondoka kuwahi gari, na ng'ombe mwenye shibe analala mara moja pale pale palipolowa.

Duru ya pili ni alasiri, kabla ya kukamua tena. Ya tatu ni ya dakika tano tu: mwenye nyumba akirudi saa mbili, kabla ya kuoga, anapitisha chepe mahali pa kulalia na kuondoa vile vibonge viwili vitatu. Hii ya tatu ndogo ndiyo inayofanya kazi ya alfajiri iwe nyepesi, kwa sababu usiku ng'ombe analala na kukigandamiza kinyesi mwilini mwake, na asubuhi utatumia maji na muda kuosha kiwele ambacho kingeweza kulala kikavu. Ukilazimika kuchagua duru moja ya kuruka siku ya msiba au ya foleni ya mvua, ruka ya alasiri sehemu ya kulishia, usiruke ya usiku sehemu ya kulalia.

Huyo wa Jumamosi kwa Jumamosi sasa. Inzi wa nyumbani hutaga mayai mia moja hivi kwa mkupuo mmoja, na hupenda kinyesi kibichi chenye majimaji. Kwa joto la Dar es Salaam mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula kwa siku nne hadi sita, kisha hujongea mahali pakavu, hujifunga ndani ya ganda la kahawia, na kati ya siku ya saba na ya kumi inzi mpya anaruka. Mfugaji anayezoa kila baada ya siku saba amempa inzi karibu muda wote anaouhitaji. Anachopakia kwenye toroli Jumamosi ni nyumba ambayo wenyewe wanahama. Ukizoa kila siku unawaondoa wakiwa mayai. Inzi mwingine, yule anayeuma miguu hadi ng'ombe anapiga teke ndoo ya maziwa, huzaliana zaidi kwenye mabaki ya majani yaliyochanganyika na mkojo, yaani kule chini ya hori ambako watu husahau kufagia kwa sababu hakuna kinyesi cha kuonekana.

Swali letu hili si la Goba peke yake. Uingereza kuna watu wengi wenye kazi za ofisini wanaofuga farasi mmoja au wawili kwa kuwapanda tu, nao hubishana bila kuchoka kama banda lizolewe mara moja au mara mbili kwa siku. Wana nafuu moja. Farasi hacheui, na kinyesi chake huanguka vibonge vinavyookoteka kwa uma, wakati cha ng'ombe ni uji wenye maji zaidi ya asilimia 80. Farasi wa kilo 500 anayekaa bandani siku nzima hutoa kilo 20 hivi, na akitolewa malishoni nusu ya siku kazi inapungua kwa nusu. Hata hivyo wao pia mwisho hurudi kwenye mkojo: lile doa lililolowa katikati ya banda ndilo linalooza sehemu laini ya chini ya ukwato.

Pwani yetu farasi amekuwa mgeni adimu kwa sababu zisizohusu usafi. Mbung'o wa bara walimuua kwa malale, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, wa virusi vinavyosambazwa na visubi, ulimaliza wengi wa waliobaki. Hata hivyo Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na masultani wa Unguja walifuga farasi wa Kiarabu. Seyyid Said aliwatuma wawili kama zawadi kwa Rais wa Marekani katika merikebu ya Sultana iliyofika New York mwezi Aprili 1840, ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman. Wanahistoria wameandika kuhusu nahodha, picha yake, na zogo lililozuka kuhusu kama Rais anaweza kupokea zawadi ya mfalme. Mimi nawaza mabaharia waliokuwa na kazi ya kuzoa chini ya farasi wale, merikebu ikiyumba, kwa zaidi ya miezi miwili ya safari. Hapana shaka hawakuruka siku.

Turudi kwenye sakafu, maana hapo ndipo mtu mwenye kazi ya mshahara anaponunua muda wake. Sehemu ya kulalia ya ng'ombe chotara mkubwa iwe na upana wa sentimita 120 hivi na urefu wa 210. Vipimo hivi si vya urembo. Ikiwa fupi kiasi hicho, ng'ombe akisimama matako yake yanakuwa nje ya malazi, na anajisaidia kwenye njia ya kuzolea badala ya kitandani. Ikiwa pana mno, anageuka, na kesho asubuhi kila kitu kiko mahali pa kichwa. Zege liwe na mteremko wa sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita, kuelekea mfereji. Lisilainishwe kama sebule. Fundi wa Goba aliyezoea kupiga niru sakafu za nyumba atakuletea banda linalong'aa na ng'ombe atakayevunjika nyonga. Mwambie achore mistari kwa kijiti kabla zege halijakauka. Sakafu ya hivi inakwanguliwa kwa dakika 15 kwa ng'ombe wawili, kwa kipande cha tairi kilichopigiliwa kwenye ubao wenye mpini. Hicho kifaa kinashinda chepe kwa kila kitu isipokuwa kubeba.

Kuna wanaoamini kwamba banda safi ni banda lililooshwa, na kila asubuhi wanafungulia mpira. Goba maji yamekuwa ya kununua kwa boza kwa miaka mingi, na hata yalipofika ya bomba bado bili ipo. Lakini gharama si kosa kubwa. Kosa ni kwamba kilo 30 za kinyesi ambazo toroli moja lingebeba zinageuka kuwa tope la ndoo kumi ambalo halibebeki, na Goba ni vilima na mabonde: kila kinachomwagwa juu kinamfikia mtu chini. Kwangua pakavu kwanza, kila siku. Maji yaje mara moja kwa wiki, Jumamosi, pamoja na brashi ngumu na chokaa kidogo kwenye kona. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata hayo ya Jumamosi yapunguze, na badala yake angalia mfereji wa nje unaozuia maji ya mvua yasiingie bandani. Nimeona mabanda yenye kila sifa yakiharibiwa na bati moja fupi linalomwaga mvua kwenye malazi.

Jirani wa bondeni hafugi. Amenunua kiwanja kwa bei ambayo ng'ombe wako hawezi kuirudisha hata akikamuliwa maisha yake yote, na asubuhi anakuta inzi kwenye chai. Atamwendea kwanza mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa afya wa kata, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 iko upande wake. Usimwambie kwamba wewe ulikuwepo kabla yake. Mpelekee maziwa, tena mapema, na hakikisha mfereji wako unaishia kwenye shimo lako.

Lipo pendekezo ambalo wenye shughuli nyingi hulipenda: kutandika maranda mazito, kuokota kinyesi cha juu tu, kuongeza maranda mapya, na kutindua lote baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa farasi wa nchi za baridi linafanya kazi, na kwa kuku tunalitumia sote. Kwa ng'ombe wa maziwa hapa kwetu silipendi. Joto na unyevunyevu wa pwani haviyapi maranda nafasi ya kukauka, na unga wa mbao uliolowa ni makazi mazuri ya baadhi ya bakteria wakali wa kiwele. Anayetaka matandiko atandike kidogo, sehemu ya kulalia peke yake, na akitoa kinyesi atoe na kilicholowa chini yake. Mchanga safi, kwa anayeupata, ni bora kuliko maranda.

Tumezungumza kana kwamba mwenye ng'ombe ndiye anayeshika chepe. Kwa kawaida anayelishika ni kijana aliyetoka Singida, Dodoma au Iringa, anayelala chumba cha pembeni na anayepigiwa simu saa saba mchana.

"Umeshazoa?"

"Nimezoa, mama."

"Na majani?"

"Nayafuata sasa hivi, mama, nilikuwa nasubiri bodaboda."

Kila mfugaji wa mjini amekuwa na mazungumzo haya, na kila mmoja anajua kwamba jibu la kwanza halina uhusiano wowote na hali ya banda. Simu haisafishi. Kijana huyo huyo anakata majani, anayabeba, anakamua, anapeleka maziwa, anafua na wakati mwingine analinda geti. Ukimuongezea duru ya tatu ya kuzoa bila kumpunguzia kitu, atairuka, na mimi ningeiruka. Mnunulie mabuti ya mpira na toroli lenye gurudumu zima. Mlipe tarehe aliyoahidiwa. Na ile duru ya saa mbili usiku ifanye mwenyewe, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kujua hali ya banda lako bila kumuuliza mtu, na kwa sababu kijana anayemwona bosi ameshika chepe hadanganyi tena kuhusu mchana.

Kinachozolewa lazima kiende mahali. Lundo la wazi nyuma ya banda linafuta kazi yote ya kuzoa kila siku, kwani inzi hajali kama kinyesi kiko ndani au nje. Lifunike kwa nailoni nyeusi au turubai kuukuu, uligeuze kila wiki. Katikati ya lundo zuri joto hupita nyuzi 55 na funza hawalivumilii, hivyo kugeuza kunawaingiza wale wa pembeni kwenye moto. Baada ya miezi miwili au mitatu una samadi iliyoiva, na Dar es Salaam haikosi wateja: wauza miche wa kando ya barabara, wenye bustani za mchicha mabondeni, na wenye nyumba mpya wanaotaka nyasi ziote juu ya kifusi. Viroba vikikaa vimefungwa getini, havikai sana.

Mwenye ng'ombe wawili au zaidi anaweza pia kujenga mtambo wa biogesi. Mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulianza mwaka 2009 chini ya kituo cha CAMARTEC cha Arusha, na mafundi waliofunzwa humo wapo mikoani. Mtambo unataka kinyesi kibichi, kisicho na mchanga, kilichokorogwa na maji ya ujazo sawa, kila siku. Nimekuja kuamini kwamba faida yake kubwa si gesi. Ni kwamba usipolishwa, chai haichemki, na hapo nyumba nzima, si kijana peke yake, inaanza kuuliza kama banda limezolewa.

Kwa hiyo kwa ng'ombe mmoja hadi wanne, juu ya zege lenye mteremko na mfereji wazi, ni kuzoa mara mbili kila siku kabla ya kukamua, kupitia malazi usiku, na kazi nzito Jumamosi. Asiye na zege aongeze mara moja mchana na ajue kwamba bado atashindwa masika yakifika. Fedha ya ng'ombe wa pili aitumie kwanza kwenye sakafu ya huyu wa kwanza. Na wewe unayetoka saa kumi na moja na kurudi saa mbili, na nyumbani hakuna mtu wa kushika chepe kabla ya jioni, usifuge ng'ombe wa maziwa. Nunua maziwa kwa jirani anayeweza, naye hata samadi atakupa.